Tabora: Majina ya Mitaa na Mizigo ya Wazee



Mtu wa Unguja akishuka garini katika stesheni ya Tabora na kuuliza majina ya mitaa, hwenda akadhani amerudi kwao. Ataambiwa Ng'ambo, ataambiwa Mtendeni, tena ataambiwa Kidongo Chekundu. Na majina hayo yote matatu ameyaacha Unguja. Kisha atasikia Isevya, Cheyo na Ipuli, ndipo atakapojua kuwa yuko Unyamwezini.

Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, baada ya kwenda siku 134 kutoka pwani, waliyaandika makao ya wafanya biashara Waarabu kwa jina la Kazeh. Jina hilo halitumiki tena. Ama jina la Tabora, wazee husema asili yake ni matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Mwenye kutaka asili yenye fahari zaidi na aitafute. Sisi hiyo yatutosha, kwani matobolwa hayaozi upesi, na mji huu ulikuwa mji wa wasafiri wa miguu. Hapa ndipo njia ya Bagamoyo ilipogawanyika: moja ikashika magharibi kwenda Ujiji na Manyema, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini.

Vijana wetu husoma magazetini neno Ikulu wakadhani ni neno la serikali lililozaliwa Dar es Salaam. Neno hilo ni la huku. Ikulu ni makao ya mtemi. Isike, mtemi wa Unyanyembe tangu 1876, alipigana na Wajerumani hatta Januari 1893, walipoivunja ngome yake, naye akaitia moto ghala ya baruti ili asikamatwe. Baada yake likaja Boma la Wajerumani, na mwaka 1912 ikaja reli. Katika vita mwaka 1916 karakana ya reli hapa Tabora ilipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo. Yule mnyama ambaye pembe zake ziliwavunja watu mabega miaka mingi, sasa akatiwa mfukoni! Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini.

Lakini khabari tuliyokusudia khasa iko Kwihara, mwendo mfupi nje ya mji. Pale pana tembe la udongo ambalo wageni huletwa kulitazama, nalo huitwa Tembe la Livingstone. Livingstone alikuwa mgeni tu. Alifika na Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, naye akakaa hatta Agosti akiwangoja wapagazi. Nyumba ilikuwa ya wenyeji wa biashara, na jina likawa la mgeni. Hatusemi lifutwe. Twasema mtoto akipelekwa pale aambiwe na yaliyofuata.

Livingstone alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Na kwa kuwa wenye vijiji vya mbele wangeogopa maiti kupita kwao, waliufunga mwili upya ukafanana na robota la nguo, wakashika njia. Bagamoyo walifika Februari 1874. Ni miezi tisa tangu kifo chake, kwa miguu, wakitimiza amana ya mtu aliyekwisha kufa, asiyeweza kuwalipa wala kuwashitaki. Mtoto wa chuoni anayefundishwa maana ya amana, hapo ana mfano wake karibu na nyumbani.

Wapagazi Wanyamwezi walikuwa na fahari yao. Kijana asiyewahi kufika pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili, na watoto walifuatana na misafara wakibeba vipembe vidogo ili wazoee. Ndio waliorudi na nguo, na maneno ya Kiswahili, na wengine wakarudi na sala. Uislamu wa huku haukuletwa na matajiri peke yao.

Lakini njia ile ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hapo ndipo nyumba nyingi za mjini hunyamaza. Tuna jamaa zetu ambao bibi zao walichukuliwa Manyema, mashariki ya Kongo, wakafika hapa hali ni mali ya mtu. Utumwa haukuondolewa katika sheria za Tanganyika hatta mwaka 1922. Mjukuu akiuliza, huambiwa, "Bibi alitoka mbali," basi, mazungumzo yamekwisha. Sisi twaona kunyamaza huko kwamdhulumu yule bibi mara ya pili. Aibu ni ya aliyemwiba, wala si yake yeye. Na jina lake, na kijiji chake kama kinajulikana, ni haki yake vikumbukwe. Na wenye asili ya wafanya biashara nao wasiwafiche watoto wao kuwa babu aliuza pembe na watu.

Jambo moja la misafara bado li hai, nalo ni utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Watu wazima huuchukua kama mchezo wa matusi, lakini wazee hueleza kuwa ulikuwa na kazi. Mpagazi akifa Uzaramo, mwendo wa miezi na kwao, nani amzike? Mtani wake. Mzaramo akifia Unyamwezini, vivyo hivyo. Siku hizi makaburini utamwona mtani ameingia kaburini, amelala, ataka alipwe ndipo atoke, na watu wanacheka maiti ikingoja. Hayo hatuyapendi, na tumekwisha kuyasema mbele ya watani wenyewe, wakatucheka na sisi. Lakini tumewaona hao hao wakishika majembe kabla ya jamaa wa marehemu hawajafika.

Mwezi ujao, inshallah, twashika njia ya Ujiji.