Sauti Kubwa Si Sauti Bora

Majuzi, tukitoka Gilgil kwenda Nakuru kwa matatu, mama mmoja mkongwe aliomba ateremshwe Mbaruk. Aliomba mara tatu. Alishukia Lanet, kwani utingo hakusikia lolote ila mdundo wa muziki.

Wenye matatu hudhani kwamba sauti bora ni sauti kubwa. La hasha! Sisi wanaisimu hufundisha kwamba irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, ilhali konsonanti hubeba sehemu kubwa ya maana. Paka, taka na saka hutofautishwa na konsonanti moja tu. Sauti kama s na t ni nyembamba. Besi ikizidi huzimeza. Isitoshe, sauti nyembamba huzuiwa upesi na chochote kilicho mbele yake. Spika iliyofichwa chini ya kiti huyaacha maneno miguuni mwa abiria.

Tiba yake si ghali. Spika ndogo ziinuliwe usawa wa masikio na kuelekezwa kwa abiria, mbao zilizolegea zikazwe, besi ipunguzwe. Maneno ya wimbo yatasikika bila kelele, na abiria pia atasikika.

Atakayenufaika zaidi ni utingo mwenyewe. Wataalamu hushauri kwamba mfanyakazi asikabiliwe na desibeli 85 kupita saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Masikio yakishaharibika kwa kelele hayaponi. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu mwaka 2009. Je, twangoja nini kuzitekeleza?