Programu ya kulea wahandisi wachanga: tumpime mlezi kwanza

Kazi iliyo mezani pangu wakati huu ni kuchora programu ya kuwasaidia walezi kufuatilia wahandisi wachanga, yaani wanagenzi wetu wa msimbo. Mteja ameniletea orodha ya matakwa yake, na karibu yote ni ya kuhesabu: mwanagenzi ameandika mistari mingapi, amefunga kazi ngapi wiki hii, ameingia saa ngapi. Kisha kila Ijumaa dashibodi iwapange wote kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, kama matokeo ya mtihani.

Msimamo wangu ni huu: programu ya namna hiyo haitalea mtu. Itachuja tu. Na kuchuja si kulea, ndugu zangu.

Tuanze na hiyo hesabu ya mistari. Mwaka 1982 wakubwa wa mradi wa tarakilishi ya Lisa huko Apple waliwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki kuonyesha wameandika mistari mingapi ya msimbo. Marehemu Bill Atkinson alikuwa ndiyo kwanza ameiandika upya sehemu ya programu ya kuchora. Ilikuwa na kasi karibu mara sita zaidi, na ilikuwa imepungua mistari kama 2,000. Basi akajaza kwenye fomu: -2000. Baada ya wiki chache wakaacha kumsumbua na fomu yao.

Sasa jiulize. Ikiwa kazi nzuri kama hiyo ya bingwa inaonekana hasara kwenye kipimo, itakuwaje kwa kijana aliyekaa siku mbili akisoma msimbo wa watu wengine ili abadilishe mstari mmoja? Siku hizo mbili ndizo alizojifunza. Dashibodi itasema alilala.

Tembea Kamukunji kwa mafundi wa jua kali uone ulezi unavyokwenda. Mwanagenzi anakunja bati, fundi yuko hatua mbili kando anatengeneza jiko lake. Fundi hana daftari la alama. Anasikia nyundo ikigonga vibaya, anageuka, anaonyesha, anarudi kwenye kazi yake. Jicho na sikio la fundi ndilo darasa zima.

Sisi wa programu tumelipoteza jicho hilo, hasa tangu wengi wetu tuanze kufanyia kazi nyumbani mwaka 2020. Kijana aliyekwama mbele ya tarakilishi yake chumbani Rongai hagongi nyundo. Yuko kimya. Na kimya chake hakina tofauti na kimya cha mtu anayefanya kazi vizuri. Hapa ndipo programu inaweza kusaidia kwa kweli, na ndiyo maana sijaikataa kazi hii.

Kwa hiyo nimemchorea mteja mambo matatu tu.

Kwanza, swali moja kila siku kwa mwanagenzi: umekwama wapi, na tangu lini? Ajibu kwa sentensi moja kwenye simu, hata ya bei nafuu. Akipitisha siku moja akiwa pale pale, mlezi anapata ujumbe.

Pili, saa inayompima mlezi. Mwanagenzi amewasilisha msimbo ukaguliwe: amesubiri muda gani kabla ya kujibiwa? Ni swali linaloulizwa mara chache, lakini najua timu ambamo kijana husubiri siku nne halafu analaumiwa kwa uzembe.

Tatu, ahadi. Mlezi akisema "tutakaa pamoja Jumanne tupitie hifadhidata", iandikwe, na wote wawili waone kama Jumanne ilifika na kupita bure.

Mteja akaniuliza: na mwajiri je? Yeye ndiye analipa mshahara, hana haki ya kujua kama pesa zake zinaleta kitu? Anayo. Aione kazi iliyokamilika, na amwulize mlezi ana kwa ana. Lakini majibu ya "umekwama wapi" yasifike kwake. Siku vijana watakapogundua kwamba kukiri kukwama kunaandikwa kwenye faili la mwajiri, kila mmoja atajibu "niko sawa", na programu itakuwa imekufa. Kuuliza si ujinga, lakini ni nani atakayeuliza mbele ya hakimu?

Tena hakimu huyo ana nguvu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu muda wa majaribio wa hadi miezi 6, na mwajiri anaweza kumwachisha mtu katika muda huo kwa notisi ya siku 7. Siku saba! Katika hali hiyo kumbukumbu ya nani alisubiri nani ndiyo ngao pekee ya kijana. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kudai yasiyo kweli yasahihishwe. Nataka haki hiyo iwe kitufe kwenye skrini, isiwe barua kwa wakili.

Hatari hii si ya kubuni. Andela, iliyoingia Nairobi mwaka 2015 kwa sifa ya kulea wahandisi wapya, ilitangaza Septemba 2019 kuwaachisha wahandisi wachanga wapatao 250 Nigeria na Uganda, na wengine kama 170 Kenya na Rwanda wakawa hatarini. Sababu iliyotolewa ni kwamba soko lilitaka wenye uzoefu. Sawa, lakini uzoefu huo hauoti kama magugu. Kuna mtu aliyekaa na mtu.

Mteja bado anaitaka ile orodha ya Ijumaa. Nimemwambia aitafutie mchoraji mwingine. Hayo mengine matatu nitamjengea kwa moyo mmoja. Wenzangu mnaolea vijana kazini, mnasemaje?