Cheti kipo ukutani, mwenyewe yuko wapi?
Wiki jana, katika duka moja la dawa mjini Meru, mama aliyembeba mtoto anayekohoa aliuliza ampe vijiko vingapi. Kijana wa kaunta akaigeuza chupa, akasita, akakisia. Nyuma yake, ndani ya fremu yenye vumbi, kilining'inia cheti cha mtaalamu ambaye, kijana alikiri, hufika mwisho wa mwezi tu kuchukua malipo yake. Huko ndiko kukodisha cheti, na rafiki zangu wa Embu wananisimulia yayo hayo. Sheria ya Dawa na Sumu ya Kenya, Sura ya 244, inataka mtaalamu mwenyewe asimamie duka. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilipotangaza kunasa vyeti bandia zaidi ya 2,000 vya watumishi wa umma, nchi ilishtuka. Lakini cheti halali kilichokodishwa kina faida gani kwa mtoto yule? Enyi mlioaminiwa na taaluma, rudini kaunta. Nasi wateja tuulize bila haya: mwenye jina hili yuko wapi? Asipokuwepo, tutoke, tuiarifu Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa bila mjuzi ni sumu.