Macho Nayo Yaende Shule
Ilani ya wazazi wa Kadutu wanaofundisha watoto nyumbani

Sisi mama na papa, dada wakubwa na kaka wakubwa tunaofundisha watoto majumbani mwetu, kutoka Nyamugo hadi Cimpunda, leo tunaanzisha harakati yenye kazi moja: kila mtoto wa Kadutu anayesomea nyumbani ajifunze historia ya sanaa mbele ya vitu vyenyewe, ndani ya makumbusho.

Watoto wetu walifika kwenye masomo ya nyumbani kwa njia nyingi. Wapo ambao minerval, yaani ada ya shule, iliwashinda wazazi wao. Wapo waliobaki nyumbani vita vilipoingia Bukavu mwezi Februari 2025 na milango ya shule ikafungwa. Wapo pia ambao wazazi wao waliamua tu kuwafundisha wenyewe. Ubao wetu ni mlango uliopakwa rangi nyeusi, na dawati ni kitanda. Hesabu tunafundisha, kusoma tunafundisha, Kifaransa tunajitahidi. Lakini mtoto akiuliza, "Mama, sisi babu zetu walichonga nini?", wengi wetu tunanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko tunakokataa.

Tunakukataa kwa sababu jibu liko karibu. Hapa hapa Bukavu kuna Musée du Kivu ya mapadri Waxaveri, na ndani yake kuna kazi za Walega, jirani zetu wa upande wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Mtoto wa Kadutu anashuka tu mlima na kufika. Haombi viza ya mtu.

Na Walega ndio waalimu wetu wa kwanza. Katika chama chao cha bwami, kila sanamu na kila barakoa ilikuwa somo. Mtu aliyekuwa akipanda daraja alionyeshwa kitu, akaimbiwa, akachezewa ngoma na kupewa methali inayokwenda na kitu hicho. Hapo ndipo alipojifunza kiasi, haki, heshima kwa ndugu na hatari ya choyo. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji aliyeishi kati yao miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima mwaka 1973 kuonyesha kwamba sanaa hii ni falsafa ya maadili. Shule hiyo haikuwa na jengo la matofali. Ilikuwa na wazee, vitu, na watu waliotaka kujua. Serikali ya kikoloni iliiogopa, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku.

Basi anayetuambia kwamba makumbusho ni anasa ya watoto wa Ulaya hajui alichosema. Vitu hivi vilichongwa ili vifundishe. Mtoto anaposimama mbele yavyo na kuuliza, anavirudisha kazini.

Kwa hiyo tunaamini haya:

Kwanza, jicho hufundishwa kama mkono unavyofundishwa kuandika. Chukua lukwakongo, barakoa ndogo ya mti ya Walega. Inaenea kiganjani. Uso wake una umbo la moyo, umepakwa udongo mweupe, na kidevuni zinaning'inia ndevu za nyuzi. Mtoto ataiona ndogo mno na kudhani ni ya mtoto mchanga. Mwacheni ashangae. Baadaye ndipo aambiwe kwamba barakoa hii haikuwa lazima ivaliwe usoni: ilishikwa mkononi, ilifungwa kwenye paji la uso, ilitundikwa uani pamoja na nyingine. Siku hiyo atajua kwamba neno moja, barakoa, lina maana zaidi ya moja.

Pili, sanaa hufundisha kufikiri. Sakimatwematwe, sanamu ya Walega yenye nyuso nyingi, humkumbusha mtazamaji mtu mwenye hekima anayetazama pande zote kabla ya kusema. Katika mji wetu, ambako uvumi hukimbia kuliko motari, somo hilo tunalihitaji kuliko chakula cha jioni.

Tatu, historia ya sanaa ni pia historia ya safari ya vitu. Watoto wetu wajue kwamba kazi nyingi za babu zao ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Wajue kwamba kati ya 1976 na 1982, kutoka mkusanyo wa Tervuren, vilirudishwa vitu 114 tu, na kwamba mwezi Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu 84,000 hivi. Orodha ni karatasi. Watakaodai vitu vyenyewe ni watoto wanaovijua kwa majina.

Tunaahidi kufanya haya:

Kila mwezi tutatembelea makumbusho mara moja. Kila mtoto atachagua kitu kimoja, atakaa mbele yake na kukichora kabla ya kusoma maandishi ya pembeni. Kisha atajibu maswali matatu: kimetengenezwa kwa kitu gani? Mkono ulikishika wapi, mahali gani palipong'aa kwa kushikwa? Nani alikitumia, na kwa kazi gani? Akirudi nyumbani atawauliza wazee wake, awe Mshi, Mlega, Mbembe, Mhavu au Mfuliru, na majibu yao yataandikwa katika daftari lile lile. Palipo na siri ya bwami tutawasikiliza wenyewe Walega kuhusu kinachoweza kusemwa mbele ya watoto.

Tunaomba, na tutaendelea kuomba: wasimamizi wa makumbusho watupokee kama wanafunzi na waandike maelezo kwa Kiswahili pia. Wazee waje na methali zao. Wachongaji na wafinyanzi wa Bukavu wawafungulie watoto karakana zao, kwa sababu historia ya sanaa haijafika mwisho. Wakubwa wa elimu watambue kwamba asubuhi moja mbele ya sanamu ni saa za masomo.

Hatuna jengo wala gari wala mfuko wa franga. Tuna miguu na madaftari, na tuna watoto wanaouliza.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, tunakutana soko la Kadutu na kushuka pamoja. Kila mtoto aje na kalamu ya risasi, na swali moja ambalo nyumbani kwao hakuna aliyeweza kulijibu.