Uzito wa Jiko Haubani Mkaa

Kuanzia Manundu mjini Korogwe hadi Chanika mjini Handeni, mnunuzi wa jiko la mkaa hulipima kwa mkono kabla ya kuuliza bei. Hulinyanyua, na akilikuta zito huridhika. Likiwa jepesi hulirudisha chini. Imani yenyewe ni kwamba udongo mnene, ulioshindiliwa usibaki hata kitundu, ndio unaozuia joto lisitoroke, na kwamba udongo wenye vitundu ni kazi ya fundi mvivu. Imani hiyo ina sura ya busara. Nadhani si kweli, na hasara yake hulipwa kwa mkaa kila siku.

Asili yake inaeleweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilianza kueneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, wazo lililotoka Thailand, na baadaye majiko ya namna hiyo yakazoeleka Tanzania. Lilikula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, na lilikuwa zito kuliko hilo la bati. Basi uzito ukapewa sifa isiyo yake. Kilichookoa mkaa ni kwamba chuma hupitisha joto mara 50 na zaidi kuliko udongo uliochomwa. Udongo ulishinda kwa kuwa udongo, kilo zake hazikuchangia kitu.

Sasa tusogee hatua moja mbele. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida kuliko huo udongo, kiasi cha mara 30 hivi. Udongo ukijazwa vinyweleo vidogo, kila kimoja kikishika hewa yake isiyotembea, joto hulazimika kuzunguka kwenye kuta nyembamba zilizobaki kati ya vitundu. Ndiyo maana viwanda vyenye tanuri kali huzikinga kwa matofali mepesi yenye vinyweleo, ambayo hupitisha robo tu, na pengine chini ya hapo, ya joto linalopita kwenye tofali la kawaida la unene uleule. Wenye viwanda hawanunui wepesi huo kwa kukosa fedha za tofali zito.

Uzito una deni jingine ambalo mpishi halioni. Kabla sufuria haijachemka, jiko lenyewe lazima lipate moto. Kilo 3 za udongo zikipanda nyuzi 300 za selsiasi zimeshameza joto ambalo lingechemsha lita 2 na nusu za maji. Kwa anayepika chai asubuhi kisha akazima, joto hilo limetoka kwenye mkaa wake na kubaki ukutani mwa jiko. Nakubali kwamba mama lishe anayewasha alfajiri na kuzima jioni hulipa deni hilo mara moja tu, na maharage yake huendelea kuiva taratibu moto ukishalala. Jiko zito lina nafasi yake hapo. Lakini kutunza joto ni jambo moja na kulizuia lisipite ni jambo la pili, na wengi wetu tumeyachanganya.

Anayetaka ushahidi autazame mkaa wenyewe, ule unaopangwa kwa magunia kando ya barabara ya Segera na Chalinze, pale Kabuku na Mkata. Kipande cha mkaa bado kina vijumba vya mti uliochomwa, tena kwa maelfu. Kikiwaka upande mmoja, upande mweusi unaweza kushikwa kwa vidole. Ni povu la kaboni, na joto hulipita kwa taabu kubwa.

Lakini tusikimbilie kosa la upande wa pili, la kudhani kila chenye vitundu huzuia joto. Kinywe, madini yanayopatikana Mahenge, Ruangwa na Mirerani, nayo ni kaboni, ila chembe zake zimejipanga kwa tabaka, na joto hukimbia kufuata tabaka hizo. Katika miaka ya 1990 James Klett, wa maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, alitengeneza povu la kinywe ambalo karibu robo tatu yake ni matundu, na bado lilipitisha joto kwa kiwango kinachokaribia kile cha alumini. Kuta za povu hilo zilikuwa zimepangika vizuri. Za mkaa zimevurugika. Kwa hiyo kitundu hakifanyi kazi peke yake. Swali ni joto linapata njia gani kwenye ukuta unaokizunguka, na ndani ya kitundu mna nini.

Hapo ndipo mafundi wa kwetu wana la kufanya. Udongo wa kufinyangia ukichanganywa na pumba za mpunga zilizosagwa, na mpunga hulimwa Mombo, ndani ya wilaya ya Korogwe, pumba huungua tanurini na kuacha vinyweleo. Vumbi la mbao hufanya kazi hiyohiyo. Vitundu viwe vidogo: vikiwa vikubwa, joto kali hurukia upande wa pili kama miali, na hewa nayo huanza kuzunguka. Viwe vikavu pia, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Jiko lililolala nje wakati wa masika limepoteza kinga yake mpaka likauke. Na kwa kuwa udongo wa namna hii hudhoofika, upande unaogusana na mkaa uwe tabaka jembamba la udongo mgumu, nyuma yake ndipo ukae ule wenye vinyweleo.

Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila magunia ya Handeni yataendelea kupakiwa kwenda Dar es Salaam katika miaka iliyo katikati, na kila gunia ni miti. Muuza majiko aweke mizani mezani: apime mkaa, achemshe lita 5 za maji kwa jiko zito na kwa jiko jepesi, kisha apime mkaa uliobaki mbele ya mnunuzi.