Asali ya Tabora: chupa ya kiwandani inathibitisha nini?

Katika maduka ya Unguja na Pemba, neno "Tabora" juu ya chupa ya asali linatosha kupandisha bei. Zamani asali hiyo ilikuja katika chupa kuukuu na mnunuzi alimuuliza muuzaji mpaka akaridhika. Siku hizi inakuja na kifuniko kilichofungwa kwa mashine, lebo ya rangi na alama ya ubora, na maswali yamekwisha. Imetoka kiwandani, basi ni safi. Sisi tunaona maswali yamekwisha mapema mno.

Tabora si nchi ya kigeni kwetu. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliovuka kutoka Unguja kwenda Bagamoyo walifanya makazi Kazeh, na Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliwakuta wameshatulia. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na lazima tuseme, ilipitisha watumwa pia. Safari ilikuwa ya miezi kwa miguu, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Aliyenunua pwani hakuwa na njia ya kuona kilichofanyika bara. Alimtegemea aliyeleta mzigo. Tatizo la asali leo ni hilo hilo.

Asali hii inatoka katika misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Warinaji wengi bado wanatumia mizinga ya magogo au magome iliyotundikwa mitini. Nyuki hufunika sega kwa nta asali inapopungua maji hadi kiasi cha asilimia 18. Mrinaji mwenye subira huchukua sega lililofunikwa. Mwenye haraka, au anayeogopa kuibiwa mzinga wake, hukata yote, na asali hiyo mbichi baadaye huumuka na kutoa povu. Moshi ukizidi, asali hunuka moshi. Ubora umeshaamuliwa hapo, juu ya mti, kabla mashine yoyote haijawashwa.

Kisha ndoo zinakusanywa kijiji kwa kijiji. Hapa ndipo ukubwa wa uzalishaji unapoleta mtihani. Mtu mwenye mizinga kumi anaijua asali yake. Kiwanda kinamimina ndoo za watu wengi katika tangi moja, na ndoo moja yenye maji mengi au iliyotiwa sukari inaingia katika kila chupa. Mashine ya kuchuja huondoa mabaki ya nta na nyuki. Haiondoi sukari iliyoyeyuka. Mashine ya kujaza huhakikisha kila chupa ina ujazo ule ule. Hilo ni jambo jema, tena ni katika kutimiza kipimo tulikoamrishwa, lakini linahusu kiasi tu. Hata joto linalotumika ili asali ipite upesi kwenye mabomba lina gharama yake: likizidi, huiharibu. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji yasizidi asilimia 20, na vinapima pia kemikali iitwayo HMF inayoongezeka asali inapopashwa moto au kukaa sana.

Kwa hiyo kazi yenyewe ya udhibiti ni kupima kila ndoo kabla haijamiminwa, na kuandika imetoka kijiji gani na lini. Ni kazi ya daftari na kipimo kidogo cha mkononi. Kiwanda chenye mitambo ya mamilioni kisichofanya hivyo kinasambaza kosa kwa kasi zaidi.

Wala tusidhani nchi tajiri zimesalimika. Uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2023 ulikuta shehena 147 kati ya 320 za asali kutoka nje zikishukiwa kuchanganywa na sukari, karibu nusu. Kipimo cha maabara kilichozoeleka kinatambua sukari ya miwa na ya mahindi. Waghushi wakahamia sukari ya mchele.

Katika dini yetu jambo hili liko wazi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) kisa cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kutia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta umajimaji chini. Muuzaji alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoiweka sehemu iliyolowa juu, watu wakaiona. Anayeuza asali iliyochanganywa na akasema imechanganywa, hakughushi. Na mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha, ile wanazuoni wanayoiita khiyaarul-'ayb. Muuzaji wa duka asiseme "mimi nimeletewa hivi hivi" akaona yamekwisha.

Nyumbani, tuache kutegemea majaribio ya tone ndani ya maji, kijiti cha kiberiti na sisimizi. Hayathibitishi kitu. Asali kuganda nayo si dalili ya sukari. Asali safi nyingi huganda. Tazama kama chupa ina namba ya toleo na anwani ya mfungashaji, kisha muulize muuzaji imetoka wilaya gani. Ikiwa na povu au harufu ya pombe, irudishe. Mwenye shaka kubwa aipeleke Taasisi ya Viwango Zanzibar.

Na moja kwa kina mama na mabibi: asali, hata iliyo safi kabisa, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto mpaka pumzi, na joto la kiwandani haliziui. Waliozoea kufanya tahniki kwa asali wajue kwamba iliyothibiti katika Sunnah ni tende.

Wa Allaahu A'lam.