Mlango wa Chuo cha Musaga

Kusini mwa jiji la Bujumbura, pale ardhi inapoanza kuinuka kuelekea milimani, upo mtaa uitwao Musaga. Mtaani humo ndimo kilimo chuo cha maofisa wa jeshi la Burundi, kijulikanacho kwa herufi za jina lake la Kifaransa, ISCAM. Kijana aingiaye chuoni humo hupewa masomo ya chuo kikuu pamoja na mafunzo ya uaskari. Atokapo huwa ofisa, na amri yake yaweza kuamua nani aishi na nani afe. Kwa hiyo swali la nani apite katika mlango wa chuo hicho halikupata kuwa swali dogo nchini Burundi.

Burundi ilipojitawala tarehe 1 Julai 1962, maofisa wake wa kwanza walikuwa wamefunzwa ng'ambo, hasa Ubelgiji. Jeshi hilo changa halikukaa muda mrefu bila kugawanyika. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, maofisa Wahutu waliuawa kwa risasi. Mwaka 1972 yakaja mauaji makubwa zaidi, yaliyoingia hata mashuleni na makambini, na Mhutu aliyesoma akawa mtu wa kuwindwa. Tangu hapo jeshi likabaki mikononi mwa Watutsi, tena wengi wao wa mkoa mmoja, Bururi. Marais 3 wa kijeshi waliofuatana, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, walizaliwa wote katika tarafa moja ya Rutovu, mkoani humo.

Hapakuhitajika tangazo la kuwakataza Wahutu. Baba aliyemwona ndugu yake akichukuliwa mwaka 1972 kwa kosa la kujua kusoma hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba kambi si mahali pa mwanawe. Wapo wazazi walioogopa hata shule ya sekondari. Mlango ukifungwa kwa hofu hauhitaji bawabu.

Kisa cha Pierre Nkurunziza chaonyesha jinsi mambo hayo yalivyosokotana. Baba yake, Eustache Ngabisha, aliyekuwa mbunge, aliuawa mwaka 1972, naye mtoto angali mdogo. Mtoto huyo alikua akasomea elimu ya michezo, akawa mwalimu Chuo Kikuu cha Burundi, akawafundisha pia vijana wa ISCAM. Mwaka 1995 wanafunzi Wahutu waliposhambuliwa chuo kikuu, alikimbilia msituni na kujiunga na wapiganaji wa FDD. Ndipo mwalimu wa viungo akawa adui wa jeshi lile lile ambalo maofisa wake vijana aliwahi kuwakimbiza uwanjani.

Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuanza. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais, Mhutu wa kwanza na raia wa kwanza kushika cheo hicho. Miongoni mwa mipango ya serikali yake ulikuwamo wa kurekebisha namna ya kuandikisha askari. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba askari wakatoka makambini, wakamwua. Vijijini Watutsi wakauawa na majirani zao, wake kwa watoto. Kisha jeshi likapanda milimani, na Wahutu wasiohesabika nao wakauawa.

Na afikiriwe sasa kijana aliyekuwa darasani Musaga mwaka huo. Ofisa mwanafunzi, popote duniani, hufunzwa kusoma ramani, kuongoza platuni, kushambulia na kujihami, na katika mafunzo hayo adui ana sare yake na mstari wake wa mbele. Vita alivyokwenda kijana huyu baada ya kupata nyota yake havikuwa na mstari. Vilikuwa katika migomba ya Bujumbura Vijijini, juu kidogo ya jiji, na mpiganaji alivaa kama mkulima. Serikali ikawakusanya wananchi katika makambi. Mnamo Septemba 1999 walihamishwa hivyo watu laki kadhaa katika mkoa huo mmoja, na Mzee Nelson Mandela akayalaani makambi hayo hadharani. Luteni wa miaka ishirini na kitu, mwenye kituo chake kando ya kambi ya namna hiyo, ndiye aliyepaswa kuamua nani mkulima na nani mpiganaji. Somo hilo halikuwamo katika daftari lolote. Wangeweza kumsaidia askari waliozaliwa kwenye vilima vile, lakini aghalabu hao hawakuwamo katika platuni yake.

Haki yataka isemwe vilevile kwamba kijana Mtutsi hakuvaa sare kwa ajili ya cheo tu. Familia nyingi za Watutsi zilizonusurika mwaka 1993 ziliishi miaka mingi katika vituo vya wakimbizi wa ndani, zikilindwa na askari. Kwa mama aliyelala humo, jeshi lilikuwa ukuta wa mwisho, na kumwambia kwamba ukuta huo ufunguliwe mlango kwa watu wengine lilikuwa jambo la kutisha. Jiji nalo lilikatika vipande. Kamenge na Kinama ikawa mitaa ya Wahutu; Ngagara, Nyakabiga na Musaga yenyewe ikawa ya Watutsi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndio uliobaki na watu wa pande zote, na wengi waliokimbia kwingine walipata hifadhi humo.

Hofu hizo mbili zililetwa mezani Arusha. Mwalimu Julius Nyerere alisuluhisha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kisha Mandela akashika kazi hiyo. Mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 uliamua kwamba hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya jeshi. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa hesabu tu, usio na haki kwa walio wengi. Lakini nusu kwa nusu ilikuwa na maana yake: hakuna upande ambao ungeweza kutoka kambini usiku peke yake. Makubaliano ya Pretoria ya mwaka 2003 yakaipa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa, na mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ikaunda jeshi jipya. Watanganyika walivuka jambo lao kwa njia nyingine: baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 jeshi la kikoloni lilivunjwa, likajengwa upya kwa vijana wa nchi nzima. Burundi haikuweza kuvunja, ikalazimika kuchanganya.

Mchanganyiko huo ulipata kupimwa. Kuanzia Desemba 2007 waliokuwa maadui walilala handaki moja huko Mogadishu. Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi dhidi ya Nkurunziza, aliyekuwa Rais tangu 2005, viongozi walikuwa Godefroid Niyombare, Mhutu aliyepigana msituni, na Cyrille Ndayirukiye, Mtutsi wa jeshi la zamani; hawakugawanyika kwa kabila. Tarehe 11 Desemba mwaka huo huo ISCAM yenyewe ilishambuliwa pamoja na makambi mengine. Jeshi lilitaja watu 87 waliokufa, na kulipopambazuka wakazi wa Musaga na Nyakabiga walikuta maiti barabarani.

Katiba ya mwaka 2018 ililipa Baraza la Seneti miaka 5 kutathmini kama mgawanyo wa nafasi kwa kabila uendelee au ukome, na kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2023. Maseneta walipaswa kupima mgawanyo huo katika serikali, bunge na mahakama, wala si katika chuo cha Musaga. Lakini kwa mzazi Mhutu aliyekulia katika hofu ya 1972, na kwa mzazi Mtutsi aliyenusurika 1993, jeshi huanzia kwenye orodha ya majina ya vijana waliokubaliwa chuoni.